Jiwe lenye asidi: jinsi zeolaiti inavyokata mafuta mazito yakawa petroli

Kila baada ya miezi michache video ile ile hurudi mitandaoni kwa sura mpya. Mtu amejaza mifuko ya plastiki kwenye pipa, amewasha moto chini yake, bomba limepitishwa kwenye maji ya kupooza, na upande wa pili yanadondoka matone ya manjano yanayowaka ukiyatia kiberiti. Chini ya video watu hugawanyika. Wapo wanaosema ni uongo mtupu, plastiki haiwezi kuwa mafuta. Wapo wanaosema tumefichwa siri, kumbe petroli inapikika nyuma ya nyumba. Kisha hujitokeza mmoja anayejua kidogo zaidi, anaandika neno moja tu: kichocheo. Mwingine anaongeza: zeolaiti, tena yenye asidi. Hapo mkanganyiko unaanza upya, maana wengi wetu tukisikia kichocheo tunadhani ni dawa ya kuchanganya kwenye mafuta, na tukisikia asidi tunaona kile kimiminika cha kwenye betri kinachotoboa nguo.

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi na jambo hili hunigusa, kwa sababu ukweli wake ni mzuri kuliko yote yanayosemwa. Plastiki ile kweli inavunjika. Na sehemu kubwa ya petroli inayotumika duniani imepita kwenye mtambo unaovunja mafuta mazito kwa msaada wa unga wa jiwe liitwalo zeolaiti. Jiwe hilo ndilo kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemia bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Lakini kati ya pipa lile na mtambo huu kuna tofauti kubwa: moto unavunja bila kuchagua, ilhali asidi iliyo ndani ya jiwe inachagua pa kukata.

Uzi na shanga zake

Haidrokaboni ni kitu kilichoundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake. Zione atomi za kaboni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila shanga ya katikati imebeba haidrojeni mbili, na zile za ncha zimebeba tatu. Ukiwa na shanga 1 tu, hiyo ni methani. Shanga 3 au 4, gesi ya mitungi ya kupikia. Kuanzia 5 hadi 12 hivi ni petroli. Ukikaribia 20 umeshapita mafuta ya taa na uko kwenye dizeli. Kutoka hapo mafuta yanazidi kuwa mazito na meusi mpaka unafika kwenye lami.

Urefu unabadilisha tabia kwa sababu minyororo hii hushikana ubavu kwa ubavu, kwa mvuto hafifu. Mifupi imegusana mahali pachache, hivyo huachana upesi na kuruka kama mvuke. Mirefu imegusana mahali pengi mno na kusokotana, na kuitenganisha kunahitaji joto kubwa. Ndiyo maana petroli hukauka mkononi wakati lami imelala pale pale ulipoimwaga.

Kiwanda cha kusafisha mafuta kinaanza kwa kuyachemsha mafuta ghafi na kuyatenganisha kwa kadiri yanavyogeuka mvuke, mepesi juu, mazito chini. Hapa pana kosa ambalo hata wanafunzi wazuri hulifanya: wanadhani huko kuchemsha ndiko kunakotengeneza petroli. Kuchemsha hakukati mnyororo hata mmoja. Ni kazi ya chekeche inayotenganisha mchanga na kokoto. Kama mafuta ghafi yalikuja na petroli kidogo, utatoa petroli kidogo, basi. Na ardhi haikutoa mafuta kwa kufuata mahitaji ya magari. Mengi huja yakiwa na minyororo mirefu kuliko tunavyotaka, kwa hiyo lazima ikatwe. Kazi hiyo wataalamu huiita kuvunja, nami nitaliazima neno lao.

Moto hauchagui

Njia ya kwanza ilikuwa joto peke yake. Mhandisi wa Kirusi Vladimir Shukhov alipata hataza ya njia ya namna hiyo mwaka 1891, na Mmarekani William Burton akapata yake mwaka 1913, magari yalipoanza kudai petroli kuliko kuchemsha peke yake kulivyoweza kutoa. Unayapasha mafuta mazito chini ya shinikizo, minyororo inatetemeka kwa nguvu, na mahali fulani kifungo kati ya kaboni mbili kinakatika. Kila kipande kinaondoka na elektroni moja ya kile kifungo. Elektroni isiyo na mwenza haitulii. Kipande hicho humvamia jirani, au hujikata tena chenyewe, na mara nyingi humeguka vipande vidogo sana vya kaboni 2, au huacha methani. Unapata gesi nyingi ambayo hukuikusudia, na petroli yake si nzuri. Kazi imefanyika, lakini shaghalabaghala.

Kabla ya kuliingia jiwe, kuna hesabu ndogo ambayo ukiielewa hutadanganyika tena na anayekuahidi mafuta kutoka hewani. Chukua mnyororo wa kaboni 16 wenye haidrojeni 34. Ukate katikati upate vipande viwili vya kaboni 8. Kipande kimoja kikitaka kuwa kamili kinahitaji haidrojeni 18. Vyote viwili vingehitaji 36, nawe unazo 34 tu. Haidrojeni mbili zimepungua na hakuna wa kuzileta. Kwa hiyo kipande kimoja kinakuwa kamili na kile kingine kinabaki na 16, na ili kujiziba pengo, kaboni zake mbili zinashikana mara mbili. Kila unapokata uzi, mmoja wa watoto wawili huzaliwa na kifungo maradufu.

Hili linaonekana kwa macho. Katika maabara ya shule tunachukua neli ya kioo kigumu, chini yake tunaweka sufi ya madini iliyoloweshwa mafuta ya parafini yale mazito, meupe, yasiyo na harufu. Katikati ya neli tunaweka vipande vya kaure iliyovunjwa, tunailaza neli, na tunaielekeza moto mkali kwenye kaure huku mara kwa mara tukipitisha mwali chini ya sufi ili mafuta yatoe mvuke. Mapovu yanaanza kupanda kwenye beseni la maji na tunayakusanya. Neli ya kwanza ya gesi tunaimwaga, maana ni hewa iliyokuwemo. Ya pili tunaitia matone ya maji ya bromini, ambayo yana rangi ya chungwa, tunaziba kwa kidole gumba na kutikisa. Rangi inapotea palepale. Parafini uliyoanza nayo haifanyi hivyo hata ukiitikisa kwa muda. Bromini imepata kifungo maradufu cha kujishikiza, nacho hakikuwepo dakika kumi zilizopita. Nimeliona jaribio hili mara nyingi na bado napenda kuangalia nyuso za wanafunzi wakati ile rangi inapotoweka. (Ukilifanya, toa bomba kwenye maji kabla ya kuondoa moto. La sivyo maji baridi yatanyonywa hadi kwenye kioo cha moto, na kioo kitapasuka.)

Ile kaure imeisaidia kazi kidogo, lakini tukitaka uvunjaji wenye mpangilio tunahitaji jiwe jingine.

Jiwe linalochemka

Mwaka 1756 Msweden Axel Fredrik Cronstedt alikuwa akipasha jiwe kwa mwali mkali wa moto. Jiwe likatoa mvuke na kufura kana kwamba linachemka. Akaliita zeolaiti, kutoka maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuchemka na jiwe. Maji yalikuwa yamejificha ndani yake, kwenye vyumba vidogo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Hivyo vyumba ndivyo vinavyolifanya jiwe hili liwe tofauti. Zeolaiti imejengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, zilizopangwa kwa utaratibu ule ule tangu ukuta hadi ukuta: chumba, mlango, chumba, mlango. Zeolaiti Y, ambayo ndiyo hutumika zaidi kuvunja mafuta, ina milango yenye upana wa nanomita 0.74 hivi, na chumba cha ndani ni kipana zaidi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukikusanya kuta zote za ndani za gramu moja ya zeolaiti hiyo na kuzitandaza, eneo lake linapita mita za mraba 500, kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kikapu. Gramu moja tu, ncha ya kijiko.

Sasa, asidi iko wapi? Asidi, kwa maana inayotuhusu hapa, ni kitu kilicho tayari kutoa protoni, yaani atomi ya haidrojeni iliyonyang'anywa elektroni yake. Si lazima kiwe kimiminika. Katika ukuta wa zeolaiti, silikoni imeshikana na oksijeni nne na hesabu ya chaji imekaa sawa. Lakini hapa na pale nafasi ya silikoni imechukuliwa na alumini, ambayo ina elektroni moja pungufu ya kuchangia. Mahali hapo ukuta unabaki na chaji hasi moja, na chaji hasi lazima isawazishwe na kitu chenye chaji chanya kinachokaa pembeni. Jiwe likitengenezwa, kitu hicho kwa kawaida ni ioni ya sodiamu, yaani atomi ya sodiamu iliyopoteza elektroni moja. Zeolaiti yenye sodiamu haina asidi ya kuvunja mafuta. Hiyo ndiyo inayotiwa kwenye sabuni za unga ili kulainisha maji magumu, nayo ni pole kabisa.

Ili jiwe lipate makali, huoshwa kwa maji yenye ioni za amonia, ambazo huingia vyumbani na kuisukuma sodiamu nje. Kisha jiwe linapashwa moto. Amonia inaruka na harufu yake kali, na nyuma yake inaacha protoni moja imeketi kwenye oksijeni iliyo kati ya silikoni na alumini. Kwa macho hakuna kilichobadilika, ni unga mkavu mweupe kama mwanzo. Lakini kila penye alumini sasa pana protoni iliyoshikwa kwa mkono mlegevu, tayari kukopeshwa.

Deni la elektroni

Natumia neno kukopesha kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloeleza kazi nzima.

Mnyororo mrefu wa mafuta unapoingia chumbani, protoni inahamia kwake. Mara nyingi huanzia kwenye mnyororo wenye kifungo maradufu, kwa kuwa pale elektroni zimejaa na ni rahisi kushikwa. Protoni inajishikiza kwenye kaboni moja kwa kutumia elektroni za kile kifungo, na kaboni ya pili inabaki imepungukiwa. Sasa ina deni la elektroni mbili. Kaboni yenye deni la namna hii ndiyo kiini cha kemia yote ya mitambo hii, na uchunguzi wa viumbe hawa wasiodumu ulimpatia George Olah Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1994.

Mwenye deni hufanya nini? Kwanza huwategemea majirani. Kaboni iliyo nchani ina jirani mmoja tu wa kumchangia, hivyo deni pale ni zito na halikaliki. Iliyo katikati ya uzi ina majirani wawili. Iliyo kwenye njia panda, penye tawi, ina watatu, nayo hulibeba deni kwa utulivu zaidi. Kwa sababu hiyo deni halikai lilipoangukia. Linahama kutoka kaboni moja hadi nyingine, haidrojeni zikiruka kuliziba, na uzi wenyewe unajipanga upya kwa kuota matawi ili deni lipate mahali pa kutulia.

Kisha hulipa. Na hulipa kwa namna moja maalumu: havunji kile kifungo kinachomgusa mwenyewe, huvunja kinachofuata. Elektroni mbili za kifungo hicho cha mbele zinavutwa kuelekea kwenye deni na kuunda kifungo maradufu, mnyororo unakatika, na kaboni iliyoachwa upande wa pili ndiyo sasa yenye deni. Kipande kimoja kimeondoka huru na kifungo chake maradufu, kama hesabu yetu ilivyosema. Kipande kingine kinaendelea na safari na deni lake. Kinaweza kujikata tena. Kinaweza kumnyang'anya mnyororo mwingine haidrojeni pamoja na elektroni zake mbili, kikatulia, na deni likahamia kwa yule aliyenyang'anywa. Au kinairudisha protoni ukutani. Hapo jiwe liko kama lilivyokuwa, likimngoja anayefuata.

Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua utaona kwa nini matokeo yake yanatofautiana na ya moto mtupu. Kwa kuwa deni halipendi kukaa nchani, ni vigumu kumegua vipande vya kaboni 1 au 2. Vipande vinavyotoka ni vya kaboni 3 na kuendelea, na vingi vinaangukia kwenye urefu wa petroli. Na kwa kuwa deni hupenda njia panda, vipande vinatoka na matawi.

Matawi hayo yana thamani yake kwa anayeendesha gari. Injini ya petroli inabana mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya cheche, na mnyororo ulionyooka huwaka wenyewe kabla ya wakati. Ndipo unasikia injini inagonga. Mnyororo wenye matawi huvumilia kubanwa. Kipimo cha oktani kilijengwa juu ya jambo hili hasa: heptani iliyonyooka imepewa 0, na oktani moja yenye matawi matatu imepewa 100. Kwa hiyo zeolaiti inakata uzi, na papo hapo inaupa umbo ambalo injini inalihitaji. Mimi sijui mfano mzuri zaidi wa kemia inayofanya kazi mbili kwa mkono mmoja.

Milango nayo ina la kusema. Molekuli kubwa zenye pete nyingi zilizobanana haziwezi kuingia kwenye mlango wa nanomita 0.74. Kwa sababu hiyo punje ya kichocheo kiwandani si zeolaiti tupu. Zeolaiti imechanganywa na udongo wa kaolini na alumina (oksidi ya alumini) yenye matundu mapana, ambako molekuli kubwa huvunjwa mara ya kwanza kabla vipande vyake kuingia vyumbani. Kuna pia zeolaiti nyingine iitwayo ZSM-5, yenye milango ya nanomita 0.55 hivi. Hiyo inapokea kwa urahisi minyororo iliyonyooka na kuwachelewesha wenye matawi, hivyo ikiongezwa kidogo inakata zaidi vipande vya petroli vilivyonyooka na kutoa propeni, malighafi ya plastiki. Ni kemia ile ile, ila mlango ndio uliobadilika.

Unga unaotembea kama maji

Kuna adui mmoja aliyewasumbua wote waliojaribu. Haidrojeni zinavyonyang'anywa huku na huku, baadhi ya molekuli hubaki maskini wa haidrojeni, zinajikunja kuwa pete, pete zinashikana, na mwisho wake ni masizi meusi yanayoziba vyumba. Kichocheo kilichozibwa ni jiwe la kawaida tu.

Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry, mpenzi wa mbio za magari, aliyekuwa akitafuta petroli bora, aliona kwamba masizi yale yanaweza kuchomwa kwa hewa na kichocheo kikarudia uwezo wake. Yeye hakutumia zeolaiti, alitumia udongo wa mfinyanzi uliotiwa asidi. Mtambo wake wa kwanza wa kibiashara ulianza Paulsboro, New Jersey, mwaka 1936. Lakini kichocheo kilikaa mahali pamoja, hivyo mitungi ililazimika kupokezana, mmoja ukivunja mafuta huku mwingine ukichomwa masizi.

Jibu lilikuwa kulifanya jiwe litembee. Ukisaga kichocheo kiwe unga wenye punje za mikromita 70 hivi, kadiri ya unene wa unywele, kisha ukapuliza gesi kutoka chini, unga unafura, unatoa mapovu na kumiminika kwenye bomba kama maji. Mtambo wa kwanza wa aina hiyo uliwashwa Baton Rouge, Louisiana, mwezi Mei 1942. Msingi wa mpango wake ndio uliopo hadi leo. Katika mitambo ya sasa, unga wa moto wa nyuzi 700 hivi za Selsiasi unashuka chini ya bomba refu lililosimama wima. Hapo unakutana na mafuta mazito yaliyonyunyizwa. Mafuta yanageuka mvuke papo hapo, mvuke unatanuka na kuurusha unga juu, na ndani ya sekunde chache, kwenye nyuzi 500 hadi 550, kuvunja kumekwisha. Juu, unga unatenganishwa na mvuke kwa kuzungushwa kwa kasi. Mvuke wa mafuta unakwenda kutenganishwa, na unga mweusi kwa masizi unaingia kwenye tanuri, unapulizwa hewa, masizi yanaungua, na unga unarudi chini ukiwa umepashwa moto tena.

Angalia akili ya mpango huo. Kuvunja vifungo hula joto. Masizi, ambayo ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mafuta yaliyoingia, yakiungua hutoa joto. Unga unalibeba joto hilo kutoka tanurini hadi kwenye mafuta, hivyo uchafu wenyewe ndio unaoendesha kazi.

Zeolaiti iliingia miaka ya 1960 mwanzoni, pale Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walipoiingiza kwenye kichocheo. Ilikuwa kali kuliko vichocheo vya zamani kwa kiasi kikubwa mno, na kutoka pipa lile lile la mafuta mazito ikatoa petroli zaidi na masizi machache. Mitambo ikabidi ibadilishwe, kwani kazi iliyohitaji unga ukae muda mrefu kwenye chombo kikubwa sasa ilimalizika njiani, bombani.

Yanayosemwa sana

Husemwa kwamba kichocheo hakichakai. Kwenye karatasi ndivyo, protoni hurudishwa. Kiwandani, la. Mvuke wa moto kwenye tanuri unaing'oa alumini ukutani kidogo kidogo. Mafuta mazito huja na chembe za metali: vanadiamu, inayobomoa zeolaiti, na nikeli, inayopora haidrojeni na kuongeza masizi. Ndiyo maana unga mpya huongezwa kila siku na wa zamani hutolewa.

Husemwa pia kwamba asidi ikizidi, kazi inazidi. Kinyume chake kina ukweli mwingi. Alumini zikijazana, kila protoni inashikwa kwa nguvu kidogo zaidi na inakuwa asidi dhaifu. Zikiwa chache na mbalimbali, kila moja inakuwa kali. Tena madeni mengi yakiwa jirani, haidrojeni hunyang'anywa mno na masizi yanaongezeka. Watengenezaji huipitisha zeolaiti Y kwenye mvuke kwa makusudi ili kupunguza alumini zake, na huongeza metali ya lanthanamu kidogo kuimarisha kuta.

Wengine wamesikia kwamba mapipa yanayotoka ni mengi kuliko yaliyoingia, wakahitimisha kuna mafuta yanayozaliwa. Kweli ujazo huongezeka, kwa sababu minyororo mifupi haikujipanga kwa kubanana kama mirefu. Weka kwenye mizani: uzito ni ule ule, ukihesabu na masizi yaliyoungua.

Na wapo wanaouza vidonge au vipande vya jiwe vya kutia kwenye tangi la gari ili "kuvunja mafuta zaidi". Tafadhali usinunue. Kuvunja kunataka nyuzi 500 na mvuke unaopita vyumbani, na tangi halina hata kimoja. Zaidi ya hapo, punje za kichocheo zikiponyoka mtamboni na kubaki kwenye mafuta mazito ya meli, zinakwaruza mitungi ya injini kama msasa. Wenye meli wanaziogopa kiasi kwamba kiwango cha kimataifa cha mafuta hayo kinaweka kikomo cha alumini na silikoni, miligramu 60 kwa kilo katika aina zinazotumika sana.

Turudi sasa kwenye lile pipa. Mfuko wa polithini ni haidrokaboni, uzi ule ule wa shanga, ila una maelfu ya shanga. Ukiupasha bila hewa utavunjika, hilo si uongo. Lakini kwenye pipa hakuna jiwe, kuna moto tu, na moto hauchagui. Utapata gesi inayotafuta upenyo, kimiminika cha kila urefu, na nta. Ukitia zeolaiti yenye asidi matokeo yanakuwa bora, na watafiti wengi wanalifanyia kazi jambo hilo. Ila uzi wa polithini iliyoyeyuka ni mrefu na mzito mno kupenya milangoni, hivyo lazima uanze kukatwa nje. Na ikichanganyika plastiki ya PVC, ile ya mabomba, inatoka gesi ya asidi ya kloridi inayokula chuma na kuunguza mapafu.

Tatizo kubwa zaidi ni pipa lenyewe. Ile gesi isiyochaguliwa ikikutana na hewa karibu na moto wako inalipuka, na bati jembamba halizuii chochote. Kama hayo hayakutoshi kukurudisha nyuma, mwombe anayeyauza yale matone akuwekee chupa moja kabatini kwa wiki kadhaa. Yamejaa vifungo maradufu, mengine mawili mawili kwenye mnyororo mmoja, na hewa inavishika polepole. Manjano yatageuka kahawia, na chini ya chupa kutakuwa na utando unaonata kama gundi. Utando huo huo ndio ungekaa kwenye tundu za kunyunyizia mafuta za injini yako.